Herufi Moja

Binamu yangu aliandika programu ya hesabu za chama cha mama hapa Nyakoe. Kwa laptop yake ya Windows ilijengeka bila shida. Kwa yangu ya Ubuntu, ikakwama: faili haipo. Na naiona, iko hapo tu! Wamama wanagawana pesa Jumapili.

Binamu akalaumu CMake. Lakini CMake huandaa tu maagizo ya ujenzi. Aliyelia ni kompaila. Faili inaitwa Akiba.h, kodi inaita akiba.h. Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa au ndogo. Linux inajali sana, kama mwalimu wa zamu.

Nikabadilisha herufi moja, ikajengeka.

Mama akauliza kama inaonyesha deni la mweka hazina.

Inaonyesha.