Taa za Noah zilipoanza kufifia

Kila siku ya shule, kabla ya saa 11 alfajiri, nakuwa nimeshawasha Noah. Nabeba watoto saba, wawili wangu na watano wa majirani, kutoka Bunju hadi karibu na Mwenge. Wanaoitumia Barabara ya Bagamoyo wanajua kwa nini tunaamka hivyo. Ukichelewa dakika 20 tu, foleni inakumeza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yetu ni ya gizani, na msimu wa masika ni giza pamoja na mvua.

Masika ya mwaka huu taa zilianza kufifia. Gari likiwa kwenye mwendo zinawaka vizuri, tukisimama foleni zinageuka rangi ya chai ya mkandaa, wipa zinajivuta na feni inakata nguvu. Watoto saba wakipumua ndani ya gari lililofungwa vioo, ukungu wake si wa mchezo. Nilikuwa nafuta kioo cha mbele kwa kanga ili nione mkia wa daladala iliyo mbele yangu. Betri nayo ilikuwa ya pili ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Mama wa mmoja wa wale watano akanipigia simu. "Dada, samahani, hivi hilo gari ni salama kweli?" Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Wiki iliyofuata mwanawe akaanza kupanda gari jingine. Sikununa, ingawa ile pesa ya kila mwezi ndiyo iliyokuwa inalipia mafuta ya wiki nzima.

Fundi wa umeme aliyenisaidia hakuanza kwa kufungua kitu. Alichukua mita akaiweka kwenye betri, akaniambia niwashe taa kubwa, wipa, AC, feni ya mbele na ya nyuma, na kile kipasha joto cha kioo cha nyuma. Mita ikashuka hadi volti 12.1 injini ikiwa inanguruma taratibu. Alteneta inayotosheleza gari inatakiwa ikupe kama 13.5 hadi 14.5.

"Mama, alteneta yako ni nzima," akasema. "Tatizo ni ndogo."

Yangu imeandikwa ampia 70. Lakini namba hiyo ni ya injini inayokimbia. Kwenye foleni inatoa pengine nusu yake. Taa kubwa mbili zinakula karibu ampia 9, feni zote mbili zikiwa juu zinazidi 20, halafu kuna AC, wipa, kioo cha nyuma, na mfumo wa injini wenyewe. Kinachopungua kinatolewa na betri, na betri inayofanyiwa hivyo kila alfajiri haizeeki, inakufa kijana.

Akapendekeza tutafute alteneta iliyotumika ya ampia 100, kutoka gari jingine lenye injini ya 3S kama yangu. Baba watoto akaingiwa na wasiwasi kwamba umeme mwingi utaunguza redio na taa. Wengi wanaamini hivyo. Alteneta haisukumi ampia zake zote ndani ya gari. Ni kama sufuria kubwa ya ubwabwa, watoto wanakula shibe yao na mwingine unabaki. Kinachoweza kuunguza ni volti, nazo zinadhibitiwa zisipande, iwe alteneta ndogo au kubwa.

Tukaenda Ilala kwenye spea za mtumba. Muuzaji wa kwanza alinijibu kwa kumwangalia fundi, kana kwamba gari ni la fundi. Tukahamia kwa jirani yake. Pale fundi alizungusha puli kwa mkono akisikiliza beringi, akaangalia urefu wa kaboni, akalinganisha masikio ya kufungia boliti na soketi ya pini tatu. Kisha akataka ipimwe kwenye mashine kwa mzunguko mdogo. Alisema zipo alteneta kubwa ambazo kwenye mzunguko mdogo hazizidi ile ndogo, na mimi shida yangu ni foleni, si Chalinze. Ya tatu ndiyo iliyofaulu. Shilingi 120,000, na kurudisha ndani ya siku saba. Mpya ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo, na Julai kulikuwa na ada.

Puli yake haikulingana na belti yetu, ikabidi puli ya zamani ihamishiwe kwenye alteneta mpya. Hilo lilikuwa dogo. Jambo lililonikalisha pale gereji hadi jioni ni waya. Ule wa kutoka alteneta kwenda betri ulipimwa kwa ampia 70, ukiulazimisha kupitisha zaidi unapata moto. Kijana mmoja pale akashauri tuongeze waya wa pili moja kwa moja, bila fyuzi, "hauna shida mama, magari yote tunafanya hivi." Kwenye Noah hii injini iko chini ya viti vya mbele. Waya ukichubuka ukagusa bodi, betri inamwaga umeme wote pale, na juu yake kuna binti yangu wa miaka tisa ameshika chupa ya uji. Nikakataa. Tukaweka waya wa milimita 16 za mraba, ndani ya mpira wa kuukinga, na fyuzi kubwa karibu kabisa na betri. Waya wa ethi kutoka kwenye injini nao ukabadilishwa, maana ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Ufundi, waya na fyuzi vilinila 85,000 nyingine.

Kila kitu kikiwa kimewashwa, injini ikinguruma taratibu, mita ilisoma 13.6.

Baada ya wiki moja tulirudi kukaza belti, kwa sababu alteneta kubwa inaivuta zaidi na belti iliyolegea hulia mvua ikinyesha. Betri bado ni ileile, fundi anasema itafika Desemba. Yule mama nilimtumia picha ya mita, akajibu kwa kidole gumba tu. Kiti cha mwanawe nimekiacha wazi hadi muhula ufunguliwe, ingawa kuna mzazi wa Boko ameshaniulizia mara mbili.