Nilimlaumu Mpwa, Kumbe ni Alteneta

Gari langu lilipogoma kuwaka kwa mara ya tatu katika juma moja, sikuhitaji kuambiwa mkosaji ni nani. Mpwa wangu alikuwa amemaliza Kidato cha Nne akaja kukaa nasi hapa Amalemba, mjini Kakamega, akitafuta la kufanya. Kila asubuhi aliliosha gari, na kila jioni aliketi ndani yake akisikiliza mpira redioni. Nani mwingine angeninyonyea betri?

"Khotsa," aliniambia, na kwetu Waluhya hilo ndilo jina la mjomba, "redio mimi huizima kabla ya kutoka."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Tangu siku hiyo funguo zikawa zinalala chini ya mto wangu. Kijana naye akaacha kula nasi. Alichukua sahani yake akaenda kuketi nyuma ya nyumba.

Nikanunua betri mpya. Pesa nilizitoa katika akiba ya karo ya binti yangu, na mama watoto alipojua alinitazama tu, asiseme neno. Kwa siku nne gari liliwaka kwa mguso mmoja. Nikatembea kifua mbele.

Siku ya tano, saa mbili za usiku, nilikuwa nikitoka Malava kumleta mama yangu hospitalini. Presha ilikuwa imempanda, na mvua ilikuwa ikinyesha. Tulipoupita msitu, taa za mbele zilianza kugeuka manjano kama koroboi inayoishiwa na mafuta taa. Wipa zikajikokota. Kwenye dashibodi, ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri ilikuwa inawaka. Msomaji, nisikufiche: nilikuwa nimeiona siku mbili kabla, nikaipuuza. Betri si ni mpya? Karibu na Lubao, pale penye soko la mbwa, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Mwanangu, tumefika?" mama akauliza gizani.

Niliyempigia simu ni yule yule kijana. Haikupita nusu saa akafika na teksi, akamtoa nyanya yake garini kama anayebeba mayai, akakaa naye kiti cha nyuma amemshika mkono hadi hospitalini. Mimi hakunisemesha. Mama alilazwa siku mbili, akapata nafuu.

Gari lilikokotwa hadi kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mzee wa jua kali. Aliichaji betri usiku kucha, akaiacha ipumzike, kisha akatoa mita ndogo. Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 12.6.

"Betri ni nzima. Sasa washa."

Mita ilipaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Yangu ilibaki 12.2, na nilipowasha taa za mbele ikazidi kushuka.

Mzee akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kazi kubwa ya betri ni kuiamsha injini. Baada ya hapo alteneta, inayozungushwa na mkanda wa injini, ndiyo inayolisha taa, wipa na redio, na kuirudishia betri ilichotumia. Alteneta ikilala, gari huishi kwa akiba mpaka iishe. Yaani mimi nilinunua akiba nyingine, nikaila.

Nilitaka kuonyesha kwamba nami najua kidogo, nikamwomba achomoe waya mmoja wa betri injini ikinguruma, tuone kama gari litazima. Alinikatiza kwa ukali. Hayo yalikuwa ya enzi za dainamo, akasema. Leo umeme ukiruka ghafla unaweza kuunguza daiodi za alteneta na hata kompyuta ya gari.

Aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba, haukulegea. Akasugua unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akafuata nyaya kwa mkono. Mwisho akaifungua alteneta, akanionyesha brashi, vipande viwili vya kaboni vilivyolika vikabaki kama kucha. Bei ya brashi mpya haikufika sehemu ya kumi ya ile betri.

"Na redio je?" nikauliza kwa sauti ya chini. Mpwa wangu alikuwa kando yangu, akimshikia mzee tochi.

Fundi akacheka. Betri iliyojaa haishindwi na saa moja ya redio. Isiyojazwa humalizwa hata na taa ya mlangoni. Kama mita ingesoma 14 injini ikiwa inazunguka, na bado asubuhi gari halitaki kuwaka, hapo ndipo angeshuku betri iliyochoka au kitu kinachovuja umeme usiku.

Nilimwomba kijana msamaha pale pale, mbele ya fundi na wateja wake. "Haidhuru, khotsa," akasema, macho yakiwa kwenye tochi. Nikampa funguo. Akawasha, na mita ikasoma 14.2.

Karo ya binti bado naitafuta. Jioni ile nilimkuta mpwa wangu ameketi garini, redio imezimwa. Nikaingia upande wa pili, nikamwambia afungulie mpira.