Vumbi Lisiloonekana



Juma hili napenda tutafakari jambo lionekanalo dogo, yaani vumbi la mbao. Nyuma ya nyumba yangu nina karakana ambamo hutengeneza viti na meza saa za jioni. Kwa miaka mingi niliamini kwamba karakana yenye sakafu safi ni karakana salama. Kazi ya kufagia nilimwachia mpwa wangu, kijana wa miaka 16 anayejifunza ufundi kwangu. Nilipopiga msasa nilifunga kitambaa puani. Nilipokwisha nilikifungua, nikaenda nje kunywa chai, naye akashika ufagio.

Jioni moja, baada ya kupasua mbao za mvule, nilirudi ndani kabla hajamaliza. Miale ya jua la machweo ilikuwa imepenya dirishani, na ndani yake niliona vumbi jembamba likielea mithili ya ukungu. Kijana alikuwa akikohoa. "Mjomba," akaniambia, "kila nikifagia, kesho yake nalikuta tena juu ya meza." Nilimwuliza kikohozi kilianza lini. Akajibu kwamba ni tangu mwezi uliopita, ila aliona haya kusema, asije akadhaniwa mvivu. Maneno hayo yalinichoma moyoni.

Maranda ni mazito, huanguka chini upesi. Lakini chembe ndogo zisizoonekana kwa macho huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, nazo ndizo zifikazo ndani kabisa ya mapafu. Ufagio mkavu huzirusha upya. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Tena, mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ile ya ndani ya pua.

Nilidhani dawa yake ni mitambo ya viwanda vikubwa. Sivyo. Tulichukua ndoo tupu ya rangi ya lita 20, iliyo ngumu na yenye kifuniko kinachobana, tukatoboa kifuniko matundu mawili. Kwenye tundu la katikati tulichomeka bomba liendalo kwenye mashine kuukuu ya kufyonza vumbi. Kwenye tundu la pembeni tulichomeka bomba litokalo kwenye msumeno, na ndani ya ndoo tukalipinda kwa kiwiko ili hewa iingie ikiambaa ukuta wa ndoo. Hewa huzunguka kama kisulisuli, maranda yakasukumwa pembeni na kuanguka chini. Viungo vyote tuliviziba barabara, kwani hewa ikivuja, nguvu ya kufyonza hupotea.

Hata hivyo, ndoo haikamati kila kitu. Vumbi jembamba hupita hadi kwenye mashine, na lingine huiponyoka hiyo pia. Kwa hiyo mashine tumeiweka nje, upande wasikopita watu. Dirishani tumefunga feni inayotoa hewa nje. Barakoa zinazobana vema tunavaa sote wawili. Na sakafu tunaipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Kijana nilimpeleka zahanati. Kikohozi kimepungua, ingawa hakijaisha kabisa, na kila nikisikia anakohoa usiku nakumbuka kile kikombe cha chai. Gharama ya ndoo ile ilikuwa ndogo mno. Kilichonichelewesha hakikuwa fedha, bali ni kwamba vumbi lile halikuwa likiingia kifuani mwangu.

Ndugu msomaji, katika kazi yako, ni nani abakiye nyuma kufagia? Umewahi kumwuliza hali yake?

Siku hizi tukizima mashine tunatoka pamoja. Chai tunainywa sote nje, tukiiacha feni ifanye kazi yake, na hakuna aingiaye mpaka hewa itakate.

Nawatakieni juma jema.