Jezi ya tombola na saini tuliyoirudisha

Wamama wenzetu, wengi wenu mlinunua tiketi ya tombola yetu, na sasa ni wiki mbili mnatuuliza njiani: jezi ya Kidiaba iko wapi? Tunawajibu hapa wote kwa pamoja, maana kila anayeeleza peke yake anaongeza chumvi yake.

Mnakumbuka tulikuwa tunatafuta pesa za mabati ya chumba tunamofundishia wamama kusoma. Maandazi yalituletea kidogo. Ndipo mmoja wetu akaleta wazo la jezi. Hapa Lubumbashi nani asiyemjua Kidiaba? Watoto wa darasa letu la sita hawakuwa wamezaliwa Desemba 2010, Mazembe ilipoipiga Pachuca, halafu Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi. Inter ya Milano ikatufunga 3-0, sawa. Lakini watoto hao hao, mmoja akifunga goli kwenye kiwanja cha shule, kipa wake anakaa chini na kurukaruka kwa matako kama Kidiaba, na sare inarudi nyumbani na tundu.

Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa na jezi ya kipa ndani ya fremu ya kioo, saini nyeusi kifuani. Aliomba dola 80, tukamshusha mpaka 60. Mama mtunza mfuko, ambaye hatoi hata franka 500 bila karatasi, alimlazimisha aandike kwenye fakture si «jezi 1» tu, bali «jezi yenye saini ya kweli ya Kidiaba». Siku ile tulimnung'unikia kwamba anatupotezea muda.

Tukaanza kuuza tiketi, franka 2 000 moja. Tulikuwa tumefika tiketi 43 wakati shemeji wa mmoja wetu, anayekaa Kamalondo, alipokuja kuiona jezi. Akacheka. Naye anayo, alisema, tena ya muuzaji yule yule. Kesho yake akaileta. Tulitoa yetu kwenye fremu, tukaziweka moja juu ya nyingine mbele ya dirisha, jua likipita ndani ya kitambaa. Saini ziliingiana mpaka mkia wa mwisho.

Hapo sisi walimu tuliona jambo tunalolijua. Kila kipindi buletini zinarudi shuleni na saini ya mzazi, na mtoto aliyepata 38 kwa 100 anajua kumwigia baba yake. Tunamshika namna gani? Mkono wa kweli unakimbia. Mkono unaoiga unakwenda polepole, unatetemeka, unasimama katikati na kuacha doa la wino. Zaidi ya hayo, baba akisaini buletini tatu, saini zake zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, hazilingani kama sahani za seti moja. Saini mbili zinazolingana kabisa zimetoka kwenye kibao kimoja au mashine moja, au moja imechorwa juu ya nyingine.

Lakini mnaona shida: labda yetu ndiyo ya kweli, na ya shemeji imechorwa kutoka kwake! Kumwuliza Kidiaba mwenyewe? Mtu aliyesaini jezi nyingi hivyo hawezi kukumbuka kila moja. Tulikuwa na mashaka tu, si zaidi.

Palabre ilianza saa kumi, ikaingia usiku. Wengine walisema: tufunge kinywa, tupige tombola, atakayepata atafurahi, na nani atajua? Tusiseme uongo, wengi wetu tulikuwa karibu kukubali. Mabati yalikuwa yamekwisha hesabiwa. Ndipo akasimama mama mmoja wa darasa letu la kusoma, ambaye mpaka mwaka jana alikuwa anaweka kidole kila mahali. Alisema: «Nimechukua miezi saba kujifunza kuandika jina langu. Sasa mnataka paa la darasa letu litokane na jina ambalo labda mwenyewe hakuliandika?» Akaketi. Hakuna aliyemjibu.

Kabla ya kwenda dukani tulimwuliza avoka mmoja, ndugu ya Mama Prezidante. Alitueleza kwamba mikataba yetu ingali inaongozwa na dekreti ya 30 Julai 1888, na kwamba makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu, au kwa kukosea juu ya kitu chenyewe kilichouzwa, yanaweza kuvunjwa. Akatuonya pia: udanganyifu lazima uuonyeshe, na kesi ya dola 60 itakula zaidi ya dola 60. «Msimwite mwizi,» alisema. «Mwonyesheni maneno yake mwenyewe.»

Tulikwenda watatu, si ishirini, kusudi asiseme tumekuja kumvamia. Kwanza alicheka na kuonyesha kibao ukutani: kitu kilichouzwa hakirudishwi. Halafu akasema naye aliinunua kwa kijana mmoja karibu na stade, yeye hajui kitu. Mama mtunza mfuko akaiweka fakture juu ya meza. «Papa, hatusemi umetudanganya. Uliandika saini ya kweli. Kama ni ya kweli, tuonyeshe, nasi tutaondoka na kukuomba msamaha. Kama hujui, kwa nini uliandika?» Alitaka kutupa mpira na skafu mbili badala ya pesa. Tulikataa. Kisha tukamwambia kwamba tumekuja na jezi ya pili ndani ya mfuko, na kwamba wateja wawili waliokuwa wamesimama pale wangependa pengine kuiona. Akatoa dola 40.

Zile 20 aliahidi kuzileta Jumamosi. Tuliandika karatasi, akasaini (saini yake inatetemeka kidogo, tuliangalia). Mpaka leo ameleta 10. Kwa hiyo kila Jumamosi Mama mtunza mfuko, akitoka sokoni, anapita pale na kikapu chake, anaketi kwenye kiti cha wateja, hasemi neno, anaondoka saa sita. Juzi alituambia jezi imerudishwa kwenye kioo, kwa dola 70.

Mwenye tiketi anaweza kurudishiwa franka zake 2 000 Jumapili hii nyuma ya ibada, nyumbani kwa Mama Prezidante. Aje na kipande chake. Anayependa kuiacha tiketi ndani, tombola itapigwa mwisho wa mwezi. Zawadi ni kitenge cha waksi, yadi sita, na duka limetuandikia kwenye fakture ni cha namna gani.