Jino Langu la Nyuma

Kwenye kila sikukuu yetu mimi ndiye niliyekuwa ninafungua chupa za Fanta kwa meno. Watu walicheka, nami nikajiona shujaa.

Mwezi wa pili, nikitafuna mahindi makavu ya kukaanga, nikasikia "ka!" chini, upande wa kuume. Kwenye kioo sikuona tundu wala weusi. Lakini kila nikiuma mkate, maumivu yalinichoma kama sindano, na zaidi wakati wa kuachia. Maji baridi pia. Nilingoja miezi mitatu, maana minervali ya watoto ilitangulia.

Muganga wa meno alinipa kijiti niume, pembe moja moja ya jino, mpaka nikaruka. Akasema ufa wa jino haujiungi wenyewe kama mfupa. Wangu haukuwa umefika kwenye mzizi, basi akalifunika jino kwa kofia. Ungeshuka huko, lingeng'olewa. Kofia hiyo ninailipa kidogo kidogo, deni bado.

Juma lililopita nilimkuta binti yangu na chupa mdomoni. Nikamnyang'anya, nikatafuta kifungulio nyumba nzima. Hatuna. Tukaifungua kwa kijiko.