Chagua Chuo Kitakachokupeleka kwa Watu

Eldoret

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba alama zako za KCSE zimekupa nafasi ya kuchagua, na kwamba unataka kuishi maisha ya kuwahudumia watu. Nia hiyo ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila vyuo ulivyoniorodheshea umevipanga kwa ukubwa wa jina na kwa umbali wavyo kutoka nyumbani, na hapo ndipo ninapotaka tusemezane. Rai yangu ni kwamba chuo cha mtu anayetaka kuhudumu kipimwe kwa mambo mawili yanayokwenda sambamba: ujuzi kamili kinaoufundisha, na muda ambao mwanafunzi anafanya kazi miongoni mwa watu kabla hajapewa shahada.

Ushahidi uko hapa mjini petu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na kitivo chake cha udaktari kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, kilikuwa na mpango wa kuwapeleka mashinani, unaojulikana kwa jina la COBES. Mwanafunzi hukaa wiki kadhaa karibu na kituo cha afya cha mashambani akijifunza kuipima jamii nzima kama daktari anavyompima mgonjwa: maji yanatekwa wapi, choo kiko umbali gani na kisima, watoto wangapi wamekamilisha chanjo, mama mjamzito anafikaje zahanati barabara ikijaa matope. Baadaye katika masomo hurudi mashinani kufanya utafiti wake mwenyewe. Malezi ya namna hiyo huzaa matunda. Mwaka 2001, wakati ukimwi ulikuwa ukiteketeza familia, chuo hicho, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mpango wa matibabu wa AMPATH. Ilipobainika kwamba dawa hazimfai mgonjwa anayelala njaa, wagonjwa waliandikiwa chakula pamoja na dawa, na mashamba yakalimwa ili chakula hicho kipatikane. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, rekodi za wagonjwa ziliingizwa kwenye kompyuta, na kazi hiyo ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Tazama basi ni nani waliohitajika: daktari, muuguzi, mtaalamu wa kilimo, mhasibu, mtaalamu wa kompyuta. Milango ya huduma ni mingi, na kila mmoja unafunguliwa na ujuzi.

Utaniuliza, je, si afadhali kusomea moja kwa moja maendeleo ya jamii au usimamizi wa mashirika ya hisani? Kozi hizo zina manufaa yake, hasa sasa ambapo Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayadai mashirika uwazi na uwajibikaji. Lakini mkumbuke Wangari Maathai. Alisomea biolojia, na alipoanzisha harakati ya upandaji miti ya Green Belt Movement mwaka 1977, aliweza kuona jinsi kukauka kwa mito, kuadimika kwa kuni na lishe duni vilivyotokana na chanzo kimoja, uharibifu wa mazingira. Wanawake wa vijijini walimweleza shida zao, naye sayansi ikamwezesha kuelewa walichokuwa wakimweleza. Ukiamua kusomea maendeleo ya jamii, tafuta kozi yenye mafunzo marefu ya nyanjani, na uongeze ujuzi unaoshikika, uwe uhasibu, takwimu au lishe.

Utanijibu kwamba Maathai mwenyewe alisomea Marekani. Ni kweli, aliondoka mwaka 1960, na simkatazi mtu kuvuka bahari. Ninachokataa ni kukipenda chuo kwa sababu tu kiko mbali. Wazazi wa Uasin Gishu walioandamana hapa mwaka 2023, baada ya kulipa fedha nyingi kwa mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada na watoto wengi wakabaki nyumbani, wametufunza sote kwamba ahadi ya ng'ambo huchunguzwa kabla shamba halijauzwa.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la riziki. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na huduma za afya zilizotegemea fedha hizo zikayumba, hapa Kenya pia. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba kazi ya huduma haina kesho. Mimi naona funzo jingine. Mradi ukifungwa, cheo cha mradi hufa nao, lakini muuguzi anabaki muuguzi na mhasibu anabaki mhasibu, na kaunti, makanisa, vyama vya ushirika na harambee zetu bado vinawahitaji. Kwa sababu hiyo hiyo iangalie karo kwa makini. Anayemaliza masomo akiwa amezama katika madeni hulazimika kufuata mshahara popote ulipo, hata kama roho yake iko kwingine. Nafasi ya chuo cha umma kupitia KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, pamoja na mkopo wa wanafunzi wa HELB unaolipika, itakuachia uhuru wa kwenda unakohitajika.

Sasa chukua orodha yako uipitie upya. Hakikisha kila chuo kikuu kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama ni uuguzi, uulize pia Baraza la Wauguzi. Kisha watafute wanafunzi wa mwaka wa mwisho uwaulize: mlikwenda wapi nyanjani, mlikaa wiki ngapi, nani aliwasimamia, na ripoti mliyoandika iliwarudia wanakijiji au iliishia kabatini? Chuo ambacho wanafunzi wake hawana la kujibu, kiondoe hata kama jina lake linavuma. Vitakavyobaki uniletee, tuvijadili pamoja na wazazi wako kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mungu akuongoze.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.