Tuwatafute Nyanya Zetu: Kutoka Kengeleni Hadi Rabai

Mama mpendwa, mtoto wako akikuuliza leo jina la mama yake nyanya yako, utamjibu nini? Wengi wetu twaweza kutaja babu za waume zetu hadi kizazi cha nne, lakini upande wa wanawake tunakwama upesi. Ndiyo sababu akina mama wanane wa kikundi chetu tulifunga safari ya Pwani, tukaenda mahali ambapo swali hilo ni gumu kuliko kwingi.

KENGELE YA FRERE TOWN

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, utawasikia makanga wakiita, "Kengeleni!" Jina hilo limetokana na kengele iliyotundikwa katika mnara mdogo kando ya barabara. Magari hupita hapo mchana kutwa, na abiria wachache hugeuza shingo kuitazama.

Kengele hiyo ilikuwa ya kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Iligongwa kuwatahadharisha wanakijiji hatari ilipokaribia. Walioishi hapo walitoka mbali: walikuwamo Wayao, Wanyasa na Wamakua, na wengi walitekwa wakiwa watoto wadogo. Wengine walikuwa wamelelewa India kwanza, karibu na mji wa Nasik, ndipo wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima. Miongoni mwa hao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi mwaka 1885.

Hebu tazama majina hayo. Hayakutuambia mama zao waliwaitaje. Mtoto aliyetekwa alipoteza nyumba, lugha na wazazi. Na alipobatizwa, jina jipya lilifunika lile la kwanza. Kwa hiyo mjukuu anayetafuta ukoo wake leo hufika kwenye ukuta. Hata hivyo, wapo waliouliza mapema. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa, aliandika habari za watu hao katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Angalingoja wazee wale waishe, tungekuwa maskini zaidi.

Hatukuondoka upande huo wa Nyali bila kulitembelea kaburi la Rosina Krapf. Yeye na mumewe, Johann Ludwig Krapf, walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosina alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wake mchanga akamfuata. Tulisimama kimya. Kila mmoja wetu aliyewahi kuingia leba alijua alilokuwa akiliwaza mwenzake.

RABAI, PENYE VITABU NA WAZEE

Kesho yake tulishika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, tukakata kulia kuelekea Rabai, kati ya minazi na miembe. Hapo ndipo Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipoanzisha misheni mwaka 1846. Kuna makumbusho yenye jina la Krapf, na milimani imo misitu ya kaya, ambayo Warabai wenyewe wameitunza kama kumbukumbu ya wazee wao. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Rabai ilikuwa pia kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja waliokimbilia misheni za eneo hili walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana wao kulipwa fidia.

Mwenzetu mmoja ana asili yake huko. Katika ofisi ya kanisa moja tulionyeshwa kitabu cha ubatizo, na baada ya saa mbili alimpata mama yake nyanya yake: jina la Kikristo, tarehe, na neno moja tu, "Mnyasa". Basi. Alifurahi, kisha akalia.

Jioni tulikwenda kwa mama yake mkubwa, ajuza aliyepita miaka tisini. Mwanzoni alikataa kabisa. "Mwanangu," alisema, "tuliambiwa tusiseme. Mtu akijulikana ni mjukuu wa mtumwa, posa hurudi." Mwenzetu hakumshindania. Alimmenyea machungwa, akamwuliza habari za mapishi na nyimbo za zamani. Ndipo yule mama akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto, ambao maneno yake hata yeye hayaelewi, akasema aliufundishwa na nyanya yake. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, akalitaja jina ambalo nyanya huyo aliitwa kabla ya kubatizwa.

"Liandike," alisema, "lakini lisisomwe harusini." Hatulichapi hapa. Limo ndani ya daftari la familia yake, na hapo linatosha kwa sasa. Wewe nawe utakutana na siri za namna hiyo. Mzee akikukabidhi neno, ulinde na heshima yake pia.

ANZA NYUMBANI KWAKO

Huna haja ya kusafiri ili uanze. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na nyanya. Andika jina, mahali, na mwaka au tukio: njaa, vita, mwaka wa nzige.

2. Nenda kwanza kwa mzee kuliko wote. Kitabu kitangoja, yeye huenda asingoje. Omba ruhusa ya kunasa sauti yake kwa simu. Uliza vyakula, nyimbo na majina ya utani, si tarehe tu.

3. Watafute wanawake kanisani. Kipande cha wakati wa ukoloni, kilichoanza kutumika Kenya mwaka 1920, kiliwahusu wanaume. Mama zetu hawamo. Lakini wamo katika vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Mwombe mchungaji kwa adabu, na usichane wala kuandika ndani ya kitabu.

4. Jina moja huandikwa kwa njia nyingi. Usiliache kwa sababu ya herufi moja.

5. Picha za zamani uziandike nyuma kwa penseli, taratibu: nani, wapi, lini. Vyeti viweke ndani ya bahasha, mahali pakavu pasipo mchwa, na uwape ndugu zako nakala.

6. Ukiweza, fika Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi Avenue, Nairobi.

Mama, watoto wetu wataonyeshwa mashamba na nyumba za baba zao. Nani atawaonyesha mama zao walikotoka, ikiwa si sisi? Nunua daftari juma hili. Ukurasa wa kwanza andika jina la mama yako, na chini yake jina la mama yake. Ukifika mahali ambapo hujui, acha mstari mtupu, kisha ujifunge kanga ukamwulize anayejua.